Plamedi na Kominike za Kulaani

Huko Ngezi, mutaa mumoja wa Bunia, mutu akiuawa, watu wawili walipata kazi kabla ya wengine wote: fundi wa masanduku na Plamedi. Fundi alipima maiti. Plamedi alipima neno.

Sekretaria yake ilikuwa chumba kimoja cha mbao na bati, kando ya barabara, mulango ukitazama vumbi. Ndani kulikuwa meza, ordinateri, yaani kompyuta, yenye herufi za kufutika, mashini ya kutoa karatasi iliyokula karatasi moja kati ya kumi, na betri ya umeme wa jua. Watu walimuletea barua za kuomba kazi, mialiko ya ndoa, matangazo ya vifo, barua za kumuambia mwenye nyumba kwamba mvua inaingia. Hizo zote, mutu yeyote mwenye kusoma Kifaransa aliweza kuziandika. Kilichomutofautisha Plamedi na wenzake wa barabara ile ni Kiingereza.

Alikijua sababu ya kukimbia. Alikuwa na miaka minane wakati vita viliwavusha ziwa, yeye na mama yake, wakawekwa katika kambi upande wa Uganda. Katika kambi kulikuwa shule chini ya turubai, na katika shule kulikuwa mwalimu mwenye fimbo. Mwalimu yule aliandika neno moja ubaoni kila asubuhi, na kila mutoto alipaswa kulitumia katika sentensi tatu kabla ya uji. Asiyeweza alikosa uji. Siku moja neno lilikuwa condemn. Mwalimu alieleza kwamba herufi ya mwisho inaandikwa lakini haisemwi. Alieleza kwamba neno hilo si la mutu anayenunanuna nyumbani kwake, ni la kukataa jambo kwa nguvu mbele ya watu wote. Muhukumu analitumia kwa mutu anayepelekwa kufa. Serikali inalitumia kwa nyumba mbovu ambayo inapaswa kubomolewa, wenyewe wakiwa wanatazama. Mutoto mumoja wa nyuma akauliza kama mutu anaweza kulitumia kwa mwalimu. Alipigwa fimbo sita, na wenzake walicheka. Plamedi alicheka pia, akatunga sentensi zake tatu, akanywa uji.

Alirudi Bunia akiwa na miaka kumi na tisa, mama yake amebaki kwenye makaburi ya kambi. Aliolewa. Mume akaenda kuchimba dhahabu Mongbwalu, akapiga simu miezi miwili, kisha simu ikanyamaza. Hakuna aliyesema amekufa, na hakuna aliyesema anaishi. Plamedi hakulia sana. Alikuwa mwanamuke wa maneno machache, mwenye kutazama mutu mikononi kuliko usoni, na watu wa Ngezi walisema ana roho ya bati: mvua inaipiga, inapiga kelele kidogo, kisha inakauka.

Aliyemupatia kazi ya kominike, yaani matangazo ya kusomwa mbele ya watu, alikuwa Roger, prezida wa Umoja wa Wana wa Kilima. Umoja huo ulikusanya watu waliokimbia vijiji vya juu wakaja kukaa kwenye kiwanja kimoja pale Ngezi, nyumba za udongo zikishikana bega kwa bega. Roger alivaa koti hata jua likiwa kali, na muhuri wa Umoja ulikaa katika mufuko wa shati, upande wa moyo. Kijiji kikishambuliwa, alifika na karatasi ya mukono: tarehe, mahali, hesabu ya wafu. Plamedi alipiga Kifaransa kwa ajili ya wakubwa, Kiswahili kwa ajili ya watu, na Kiingereza kwa ajili ya wazungu na wa ng'ambo, ambao alikuwa na majina yao katika ordinateri na aliwatumia kila mara.

Katika kazi hiyo kulikuwa ngazi, na ni Plamedi mwenyewe aliyemufundisha Roger kuipanda. Chini kabisa kulikuwa kusikitika, rigreti. Juu yake kulikuwa kuhuzunishwa sana. Kisha kushutumu. Juu kabisa kulikuwa kulaani, kondemu, na kondemu yenyewe iliweza kuvalishwa nguo: kulaani tu, kulaani vikali, kulaani kwa nguvu zote. Roger alipenda ngazi ile sawa vile mutoto anapenda gari ya waya. Wawili wa kwetu wakifa, kulaani. Watano, vikali. Kupita kumi, kwa nguvu zote. Wa upande mwingine wakifa thelathini, rigreti, na tena rigreti ya mistari miwili, siku ya tatu, wakati ilikuwa haiwezekani kunyamaza zaidi.

Plamedi alizoea. Roger akiingia na karatasi yake, alimuuliza bila kuinua macho:

"Prezida, wa leo ni wa kondemu ao ni wa rigreti?"

Wanaume waliosimama mulangoni walicheka mpaka kushika mbao. Roger pia alicheka. Ilikuwa kweli, kwa hiyo iliwachekesha.

Kidogo kidogo neno likaingia katika matanga. Roger alianza kusoma kominike mbele ya sanduku, kabla ya maiti kuondoka nyumbani. Akifika kwenye "Umoja unalaani", vijana wa Umoja walisimama, wakaacha viti, wakainua sanduku, na marehemu akaenda kuzikwa katika mustari wa makaburi ya wana wa Kilima. Miaka ikapita, na watu wakasahau kwamba Roger ndiye aliyeanzisha. Wakaona ni hivyo tangu mababu. Mutu ambaye kifo chake kimelaaniwa alikuwa mutu safi. Mutu ambaye kifo chake hakikulaaniwa, watu walianza kuulizana chini chini alikuwa anafanya nini pale alipouawa. Mara moja mulevi alizikwa na rigreti, na mpaka leo watoto wake wanaitwa watoto wa rigreti.

Ndivyo mambo yalivyokuwa wakati Moïse alipouawa.

Moïse alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, motari, mwenye kubeba watu kwa moto, yaani pikipiki, mutoto wa Mama Geneviève, mujane mwenye kuuza mawese mulangoni pa kiwanja. Nyuma ya Moïse kulikuwa wadada zake wawili, wa shule. Kila asubuhi alimupandisha Plamedi kwenye moto yake mpaka sekretaria, akimuchekesha njia nzima, ao akijaribu. Alimuita Madame Kondemu. Alisema siku moja atamuletea mbuzi aliyekula nguo zake ili amulaani vikali, kwa Kiingereza, mbuzi asikie.

Siku ya kufa kwake alipata muteja kwenye njia ya kutoka muji: muzee mwenye muguu wa kuvimba, anayetafuta hospitali. Muzee hakuwa wa kwetu. Moïse alijua, sababu mutu akifungua kinywa unajua, lakini muguu ulikuwa unanuka na muzee alikuwa analia. Kwenye kona ya pili kulikuwa bariere, kamba ya kufunga njia, na kwenye bariere vijana wa kulinda, wa kwetu, wenye kuwajua motari wote kwa majina. Walimuambia Moïse ashuke. Walimuuliza tangu lini anabeba adui. Aliwajibu kwamba amebeba muguu tu. Wenyewe waliicheka ile maneno wakiisimulia jioni, na walisema pia kwamba walianza kumuua yeye, muzee akitazama. Muzee naye aliuawa. Lakini muzee alikuwa na umoja wake, na umoja wake ulimulaani siku ileile kwa nguvu zote.

Kesho yake asubuhi Moïse alirudishwa nyumbani juu ya kigari cha kubebea mihogo. Kabla jua halijawa kali, maneno yalikuwa yamefika kila mulango wa kiwanja: aliuza watu, alikuwa anapeleka habari, pesa ya moto ile ilitoka wapi. Wanawake walikuja kwenye kilio, lakini waliketi karibu na njia, mugongo nusu, sawa vile mutu anayengoja kuitwa mahali pengine. Motari wenzake walipita taratibu, wakapiga honi, hawakushuka. Wote walipita kwenye ile bariere kila siku.

Mama Geneviève hakuuliza ni nani atakayemulipia mutoto wake. Hakuomba mutu akamatwe. Alitaka kitu kimoja: sanduku libebwe na vijana, lizikwe katika mustari. Aliacha maiti na wadada wawili, akavuka barabara, akaenda kwa Plamedi na kitambaa cha kilio kichwani. Ndani hakukuwa muteja. Alisimama, hakukaa.

"Plamedi, mutoto wangu."

"Mama."

"Minajua hapa ndipo munachagua neno. Moïse hakuuza mutu. Weye unajua, alikuwa anakubeba kila siku. Tia ile ya nguvu."

"Mama, miye si prezida. Miye ni mikono tu."

"Basi nipe mikono," akasema Mama Geneviève.

Plamedi akamutazama mikononi. Ilikuwa na damu iliyokauka katika kucha, sababu alimuosha mutoto wake peke yake, bila mutu wa kumushikia maji. Plamedi hakuahidi kitu. Alimuambia arudi kwenye maiti, mainzi ni mengi. Hivyo ndivyo alivyosema, na mama yule akaitika, akarudi.

Roger alifika karibu saa sita, na wanaume wanne nyuma yake. Karatasi yake ilikuwa fupi. Umoja ulisikitika juu ya tukio lililotokea njiani na kuomba watu wote watulie. Jina la Moïse halikuwepo, iliandikwa "motari mumoja".

Plamedi akauliza ni nani aliyefanya tukio.

"Tukio halina mwenyewe," Roger akasema. "Andika."

Akauliza tena, polepole, kama Umoja hauwezi kupanda hata kwenye kuhuzunishwa sana, kwa ajili ya mama wa Moïse. Wanaume wakacheka, sababu walizoea kwamba Plamedi anachekesha. Roger hakucheka. Alimueleza, na sauti ya kumuelezea mutoto, kwamba vijana wa bariere ndio wanawalinda wote, hata yeye Plamedi analala sababu yao, na mutu hawezi kumulaani mbwa wake mwenyewe mbele ya wezi. Kisha akaongeza kwamba kama roho inamuuma sana, wasichana wengine wenye ordinateri ni wengi katika Bunia.

Plamedi akapiga Kifaransa: rigreti. Akapiga Kiswahili: inasikitika. Ikabaki karatasi ya tatu. Wanaume walikuwa wameanza habari ya mupira. Roger alikuwa kwenye simu, mugongo kwa meza. Vidole vya Plamedi vilisimama juu ya herufi, na alijiambia jambo ambalo kila mutu wa Bunia angejiambia: Kiingereza ni chumba cha nyuma, hakuna anayeingia. Wa ng'ambo wanasoma, wanahuzunika dakika moja, wanasahau. Humo ndani mutu anaweza kumulaza Moïse vizuri, na hapa nje hakuna atakayejua.

Akaandika kwamba Umoja unalaani kwa nguvu zote kuuawa kwa Moïse, motari, mwana wa Geneviève. Akaandika bariere ni ipi. Akaandika kwamba waliomuua ni vijana wanaosema wanawalinda watu. Akaandika kwamba hakumuuza mutu, alikuwa anapeleka mugonjwa hospitali. Hakuna kominike yake iliyowahi kuwa wazi hivi. Aliipiga haraka, bila kosa, na uso wake haukubadilika.

Roger alitia sahihi na muhuri kama kawaida. Karatasi ya kwanza aliisoma. Ya pili aliipitisha macho. Ya tatu ndiyo aliyoitazama muda murefu kuliko zote, akitikisa kichwa, sababu watu walikuwa wanamuangalia. Akaweka kidole juu ya neno fulani katikati.

"Hapa ndiyo rigreti?"

Neno alilogusa lilikuwa hospitali.

"Ndiyo, Prezida," Plamedi akasema.

Roger akagonga muhuri. Walipotoka, Plamedi aliwatumia wa ng'ambo, kama siku zote. Angeweza kuacha, siku ile moja. Mukono ulizoea, na tena roho yake ilitaka mutu hata mumoja, hata yule wa mbali kabisa, aisome. Kisha akafanya kosa lingine, kubwa kuliko la kwanza. Alitoa nakala ya karatasi ya tatu, ikiwa na muhuri, akamupelekea Mama Geneviève kwenye kilio. Alimunong'oneza kwamba nguvu iko ndani, kwa Kiingereza, ni ya kumutuliza moyo, aiweke mahali pasipoonekana. Mama Geneviève hakujua kusoma lugha yoyote. Aliikunja mara nne, akaitia katika kitenge kiunoni.

Saa tisa Roger alisimama mbele ya sanduku. Vijana wa Umoja walikuwa wameketi mustari mumoja, mikono juu ya magoti. Alisoma kwa sauti yake ya siku zote, na alipofika kwenye "Umoja unasikitika" akapunguza mwendo kidogo, wasikie vizuri. Walisikia. Hakuna aliyeinuka. Kijana mumoja alitoa mukate mufukoni akaanza kuula, mbele ya maiti, na mama yake hakumukataza.

Mama Geneviève akainuka. Aliwaambia, bila kupandisha sauti, kwamba Prezida amesahau karatasi moja. Akatoa ile iliyokunjwa. Muhuri ulionekana kwa wote. Akauliza ni nani anayejua Kiingereza, na macho yote yakaenda kwa Abdoul, muuza-simu aliyekaa miaka kumi Kampala na aliyependa watu wakumbuke. Plamedi, kati ya wanawake, alianza kusema hapana, lakini sauti ilimutoka ndogo, na Abdoul alikuwa amekwisha kukunjua karatasi.

Aliigeuza katika Kiswahili mustari kwa mustari, akifurahia. Alipofika kwenye kulaani kwa nguvu zote, alirudia mara mbili. Alipofika kwenye bariere, sauti yake ikapungua, lakini hakujua namna ya kusimama tena. Akamaliza: hakumuuza mutu, alikuwa anapeleka mugonjwa hospitali.

Watu wakamugeukia Roger. Sahihi ilikuwa yake. Alikuwa na mambo mawili ya kusema: kwamba ameilaani bariere, ao kwamba miaka yote hii anatia sahihi vitu asivyoweza kusoma. Akafuta jasho. Vijana walimungoja kidogo, kisha wakaona kunyamaza kwake ni kukubali, na mumoja mumoja wakaacha viti. Wakainua sanduku. Mama Geneviève aliweka mikono juu ya kichwa, na kwa mara ya kwanza siku ile akalia kwa nguvu, kilio cha mama mwenye mutoto safi. Wanawake waliokaa mugongo nusu wakageuka, wakamushika mabega. Wale wale.

Watu wakaingia njiani wakiimba, Plamedi nyuma, kati ya wanawake. Alikuwa na woga, lakini chini ya woga kulikuwa kitu kingine, na alikiacha kikae. Walikuwa wamefika nusu ya njia ya makaburi.

Wa ng'ambo hawakusahau katika dakika moja. Mumoja alikuwa ameitia karatasi katika simu, mwingine akaipokea, na kabla jeneza halijafika kwenye daraja dogo, mukubwa wa bariere aliisikia. Alimupigia Roger simu. Watu waliokuwa karibu walisema Roger aliitika "ndiyo, chef" mara tisa, na hakusema kitu kingine.

Roger alipanda moto, akawafuata, akawapita, akasimama katikati ya barabara na koti lake.

"Shusheni."

Vijana wakatazamana.

"Karatasi ni ya uongo. Yule mwanamuke aliyelelewa Uganda ameniibia muhuri. Bariere inauliza majina ya wenye kubeba. Niwape majina?"

Walimushusha Moïse. Hawakumutupa, hilo walilisema baadaye kujitetea. Walimuweka katika vumbi, kando ya mufereji, wakapangusa mabega. Aliyekuwa anakula mukate akamuambia Mama Geneviève, kwa upole kabisa, kwamba amuite yule muzee wa muguu aje kumubeba mutoto wake. Wengine walicheka, si kwa nguvu. Kisha dakika chache, barabara ilikuwa tupu, isipokuwa wanawake saba na watoto waliokuja kutazama.

Kwetu mwanamuke habebi sanduku. Mama Geneviève akafunga kitenge upya, akashika upande wa kichwa. Wadada wawili wakashika katikati. Plamedi akashika upande wa miguu, na mwanamuke mumoja wa kanisa, kisha mwingine. Hawakujua kwenda hatua moja, sanduku lilipinda huku na huku, na watoto waliwafuata wakiwaigiza namna walivyotembea. Mara tatu walimuweka chini. Mara ya tatu musumari ulitoka, wakaurudisha kwa jiwe. Walipofika makaburini, shimo lililochimbwa katika mustari wa Kilima lilikuwa limefukiwa nusu. Wachimbaji walipigiwa simu pia. Wakamuzika upande wa chini, ambako muji unazika wasiojulikana, kwa jembe la kuazima.

Kesho yake asubuhi Plamedi alienda sekretaria kwa miguu, akakuta Roger na Abdoul wanamungoja mulangoni. Hakuna aliyemupiga. Roger alikuwa na karatasi ya mukono, ndefu kuliko zote alizowahi kuandika, na alimueleza kazi kama muteja yeyote. Umoja unalaani, kwa nguvu zote, mwanamuke Plamedi, mwenye kubadilisha maneno ya Umoja ili kuwachonganisha watu. Unawaomba wana wote wa Kilima wasimupe kazi, wasimusalimie, wasimukaribishe.

"Lugha tatu," Roger akasema. "Na leo Abdoul atafuata na kidole."

Angeweza kukataa. Alifikiria. Kisha akawasha ordinateri. Alijiandika mwenyewe kwa Kifaransa, akajiandika kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza, Abdoul hakujua vizuri ngazi ya maneno, na Plamedi aliona kwamba angeweza kumupitishia neno dogo, la chini ya ngazi, na Abdoul angetikisa kichwa. Hakufanya. Sijui, labda alichoka, labda aliona aibu kufanya kazi mbaya. Alitia condemn, na herufi yake ya mwisho isiyosemwa, akamuonyesha Abdoul mahali ilipo. Abdoul akasema iko sawa. Mashini ikatoa nakala ishirini, na kwa bahati haikula hata moja. Wa ng'ambo walitumiwa pia. Walijibu mustari mumoja, kwamba wamepokea na wanashukuru kwa ufafanuzi.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya kuondoa matanga. Plamedi aliitwa, na alienda, sababu asiyekuja angeletwa. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya kuzika. Roger alikuwa amemutembelea Mama Geneviève jana yake, na mazungumzo yao kila mutu aliyajua: nyumba ya udongo ni ya kiwanja, kiwanja ni cha Umoja, wasichana wawili wanakua, na wasichana wanaolala nje Bunia tunajua wanavyolala. Lakini Roger hakuja na vitisho tu. Alileta pia zawadi. Mama akisema neno mbele ya watu, Umoja utamuhesabu Moïse tena. Atakuwa mutoto aliyedanganywa, si aliyeuza. Vijana watamutoa upande wa chini, watamubeba, watamuweka katika mustari, na musalaba wenye jina.

Roger akasoma kominike yote ya kumulaani Plamedi. Kisha akamuomba mama wa marehemu asimame.

Mama Geneviève akasimama. Alikuwa ameoga, amefunga kitambaa kipya. Wadada walimushika kitenge, mumoja kila upande. Plamedi alikuwa ameketi mbele, mahali alipowekwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimutazama mutu usoni badala ya mikononi.

"Mama," Roger akasema, "ile karatasi ulijua iko na nini ndani?"

"Sikujua. Miye sijui kusoma."

"Ni nani alikupa?"

"Yeye."

"Na unasema nini juu yake?"

Mama Geneviève alitazama mikono ya wadada kwenye kitenge chake.

"Ninamulaani," akasema.

Roger akauliza: "Namna gani, mama?"

"Kwa nguvu zote."

Alilisema vizuri. Halikutetemeka. Plamedi, aliyepima neno hilo miaka yote kwa ajili ya watu wengine, alijua kwamba limesemwa kama inavyopaswa, mbele ya watu, wazi, bila kubakiza kitu. Hakumukasirikia. Angekasirika ingekuwa rahisi.

Vijana wakaacha viti vyao. Mumoja alibeba musalaba, wengine majembe, na yule wa mukate akaja kumupa Mama Geneviève mukono, akamuita mama yetu. Wimbo ukaanza. Wote wakatoka kwenda kumutoa Moïse na kumuleta kwa wenzake, na mama yake mbele, wadada wake wawili kando, wanawake wakimushika mabega.

Plamedi alibaki kati ya viti vitupu. Mwanamuke mumoja aliyekuwa anakusanya sahani alimukaribia, hakumusalimia, akasema, akitazama kiti tu, kwamba kiti hicho ni cha Umoja. Plamedi akasimama, akakikunja, akamukabidhi, akaenda nyumbani.